Maneno Yaliyohama Orodhani

Kompyuta ilikaa juu ya meza yetu ya chakula, na sisi tulikula tumepakata sahani. Mume wangu aliinunua kwa mgeni mmoja aliyekuwa anafunga virago kurudi kwao, akaileta Gisenyi nyuma ya pikapu, imeviringishwa blanketi mbili. Mimi ndiye niliyeihitaji. Nilikulia Karagwe, upande wa Tanzania, nikasomea upigaji chapa huko, na tuliporudi Rwanda sikupata ofisi ya kunichukua. Nikawa napiga chapa nyumbani: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya walimu. Mume wangu alikuwa mtumishi wa serikali. Yeye alikulia Goma, ng'ambo ya mpaka, kwa hiyo Kiswahili chake na changu havikuwa kimoja. Mimi nikisema "mtoto wangu" yeye alisema "mutoto yangu", na binti yetu wa miaka miwili alichota kwa wote wawili.

Kazi ya orodha ililetwa na mkunga. Alikuwa mama mtu mzima, amestaafu kazi ya kuzalisha, na parokia ilikuwa imemwomba apite nyumba kwa nyumba pamoja na wanawake wengine kuandika watoto waliopotezana na wazazi wao. Watu walipomiminika kurudi kutoka kambi za wakimbizi za Goma, barabara ilijaa kiasi kwamba mtoto akiachia kitenge cha mama yake kwa hatua mbili tu, hamwoni tena. Wengine walikuwa wamepotea zamani zaidi. Waliokotwa na watu, wakakaa katika nyumba za Gisenyi, Nyakiriba, Cyanzarwe na kwingineko. Mkunga aliwaandika katika daftari: jina analolikumbuka mtoto, umri wa kukisia, jina la mama, alama ya mwilini, na mahali anapoishi sasa.

"Mutoto yangu," aliniambia siku ya kwanza, "mi niko na mwandiko mubaya. Watu hawawezi kuisoma. Unipigie hii mu machine."

Nikampigia. Kila mtoto alipata aya yake fupi. Tulibandika nakala kwenye mlango wa kanisa, sokoni na penye ofisi ya komini, ndiyo serikali ya mji wetu, na nyingine mkunga alizivusha Goma. Kila wiki alikuja na majina mapya, mimi nikiyaongeza. Mara moja moja alikuja kunifutisha. Alikaa, akavua viatu, akasema, "Ule wa mustari ya saba ameenda kwao," nami nikafuta aya ile. Sijawahi kupenda kufuta maandishi kama nilivyopenda kufuta yale.

Siku moja nilifungua orodha niongeze watoto watatu, nikakuta neno "kovu" limesimama peke yake mwisho wa aya ya mvulana mmoja ambaye hakuwa na kovu lolote. Nilimtazama binti yangu, aliyekuwa anapenda kubonyeza vitufe akisikia mlio wake. Nikalirudisha neno mahali pake. Tangu siku hiyo nikawa kila nikiinuka naweka kibodi juu ya kabati.

Wiki iliyofuata neno "mama" lilikuwa limejirudia mara mbili katika aya moja, na katika aya nyingine halikuwepo. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Wanawake wa jirani walikuwa wakiniambia mimba huchukua akili, kwamba mmoja wao aliwahi kusahau sufuria motoni mpaka ikatoboka. Nikasema basi ndiyo hiyo. Nikasahihisha, nikachapa nakala mpya, zikabandikwa. Sikuzisoma tena neno kwa neno. Kurasa zilikuwa nyingi, na nilijiamini.

Majuma matatu baadaye mkunga aliingia kwangu asubuhi akiwa na mwanamke nisiyemjua. Hakuvua viatu. Mwanamke yule alitoka Cyanzarwe, alikuwa analima na kuvusha maharage kwenda kuuza Goma. Mkononi alikuwa na karatasi yangu, ameibandua sokoni.

Alitueleza kwa Kinyarwanda, polepole, bila kulia. Jirani yake alikuwa amemsomea orodha. Mtoto wa kike, miaka kama sita, kovu la moto kwenye goti la kushoto, jina la mama ni lake yeye. Anaishi Nyakiriba. Wakati huo watu wenye silaha kutoka msituni walikuwa wanavamia, na mtu hakuitembea njia ile bila sababu. Alikwenda. Kule Nyakiriba alionyeshwa nyumba iliyokuwa na mtoto wa kuokotwa, wa kike, wa umri ule ule. Wenyeji walipoambiwa mama amefika, walimwogesha mtoto, wakampaka mafuta, wakamvalisha gauni.

"Nilimtazama usoni nikajua si yeye," alisema. "Lakini nikajidanganya. Nikasema miaka imepita, uso hubadilika. Nikapandisha gauni nitazame goti. Halikuwa na kitu."

Aliitazama karatasi iliyokuwa mkononi mwake.

"Yeye alishaniita mama. Alinishika mkono. Nilipotaka kuondoka ilibidi nimbandue vidole, kimoja kimoja."

Mkunga alifungua daftari lake juu ya magoti, akatafuta kwa kidole. Mtoto mwenye kovu la goti hakuwa Nyakiriba. Daftari lilisema yuko hapa hapa Gisenyi, katika nyumba iliyo nyuma ya soko. Wa Nyakiriba alikuwa mtoto mwingine, hajui jina la mama yake. Kwenye karatasi yangu mtoto huyo wa pili hakuwa na mahali popote anapoishi. Jina la Nyakiriba lilikuwa limeiacha aya yake likaenda kukaa kwa mwenzake, na jina la Gisenyi lilionekana chini kabisa ya ukurasa, halimhusu mtu.

"Nani alibadilisha?" mkunga aliuliza. Wote wawili wakaniangalia.

Nilivaa kandambili, tukatoka watatu tukaenda nyuma ya soko. Ni mwendo wa dakika kumi. Nyumba tuliikuta imefungwa kwa kufuli. Jirani alituambia wenyewe wamehama, yapata wiki mbili sasa. Baba wa nyumba amepata kazi upande wa Kibuye, wameondoka na watoto wote, na yule wa kuokotwa pia, kwa sababu walishamzoea. Kibuye sehemu gani, jirani hakujua.

Karatasi yangu ilikuwa imekaa sokoni wiki tatu. Wiki ya kwanza kati ya hizo mtoto alikuwa bado hapa, na kila mmoja wetu alijua. Mwanamke wa Cyanzarwe alikaa kwenye kizingiti cha nyumba ile iliyofungwa, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kitenge.

Kesho yake mkunga alirudi peke yake. Alisema maneno yameanza kuzunguka. Kuna mtu anachanganya watoto kwa makusudi, watu wanasema, na komini wamemuuliza nani anapiga chapa. Nilimweleza mume wangu alipotoka kazini. Alipapasa kidevu.

"Karatasi iko na majina ya watu, inajigeuza yenyewe?" alisema. "Hakuna mutu ataamini hiyo. Siku hizi majina si mambo ya kucheza."

"Wewe hujaigusa mashine?" nilimuuliza.

Swali lilinitoka kabla sijalipima. Aliweka kikombe chini, akaniangalia kama mtu aliyepigwa na mgeni. Siku mbili tulizungumza habari za mtoto tu, ale nini, alale saa ngapi.

Katika siku hizo mbili niliandika orodha upya, daftari la mkunga likiwa pembeni. Nilisoma kila aya mara tatu, nikaihifadhi, nikazima mashine. Asubuhi mume wangu alipokwenda kazini na binti yangu bado amelala, nikaiwasha nikafungua. Katika aya ya tano neno "miaka" halikuwepo. Nililikuta kwenye aya ya kumi na mbili, limejipachika katikati ya jina la baba wa mtu. Hapakuwa na mtu chumbani. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nilidhani nimeanza kuwa mwendawazimu, kwamba ninaamka na kufanya mambo nisiyoyakumbuka. Nilimfikiria mtoto aliyekuwa tumboni. Nikachukua kalamu na karatasi, nikaanza kunakili orodha kwa mkono, maana mkono wangu angalau nilikuwa nauona.

Wifi yangu alinikuta hivyo Jumamosi. Ni dada yake mume wangu, ameolewa na Mwislamu wa Goma, na alikuwa karani katika ofisi ya mizigo huko. Alivuka mpaka kila baada ya wiki mbili kutusalimia. Aliweka kapu lake chini, akatazama karatasi zangu, akatazama kompyuta iliyozimwa.

"Muramu," aliniita, yaani wifi, "machine imekufa?"

Nilimsimulia yote, mpaka lile swali nililomuuliza kaka yake. Nilidhani atanikasirikia. Badala yake alivuta kiti.

"Iwashe," alisema. "Leta page mupya, haina kitu. Andika moja, mbili, tatu, kwa maneno, mupaka hamsini."

Niliandika. Akaniambia nihifadhi, nifunge, nifungue tena. Hakuna kilichobadilika. Akasema nifunge tena, nifungue tena. Mara ya nne "ishirini" ilikuwa imesimama kati ya sita na saba.

Nilimshika mkono. Yeye alitikisa kichwa tu, kama fundi aliyeona alichokitarajia.

"Unaona? Maneno inatembea. Kichwa yako iko muzima, muramu. Ni machine njo iko mugonjwa. Ile inaitwa virusi. Ku bureau yetu ilikula barua ya mwezi muzima, na sisi tulifukuza mutu bure."

Alinieleza kwamba virusi ni programu ndogo iliyoandikwa na mtu fulani, mbali huko, asiyetujua. Inajificha ndani ya waraka. Ukiufungua waraka ule, inaruka na kuingia kwenye faili moja ambayo ni kama mama wa nyaraka zote, ile ambayo kila ukurasa mpya huzaliwa kutoka kwake. Baada ya hapo kila unachoandika kinazaliwa nayo. Na kila ukifungua, inaweza kuchukua neno hapa na kulitupa pale. Haichagui.

"Lakini kwa nini mtu aandike kitu kama hicho?" nilimuuliza.

"Mi sijui. Pengine alikuwa anacheka."

Nilifikiria vidole vilivyobanduliwa kimoja kimoja.

Juma lililofuata alirudi na disketi tatu za dawa kutoka ofisini kwao. Kwanza alinionyesha kidirisha kidogo kwenye pembe ya disketi, namna ya kukisogeza ili mashine iweze kuisoma disketi bila kuweza kuandika ndani yake, la sivyo dawa yenyewe ingeambukizwa. Kisha dawa ikaanza kupita faili moja moja. Karibu kila waraka nilioupiga tangu mwaka uanze ulikuwa mgonjwa. Tulifuta ile faili mama, tukaiwasha mashine upya, nayo ikajitengenezea nyingine safi. Nyaraka tulizozihitaji alizifungua akiwa amebana kitufe kimoja ili virusi isiamke, akazihifadhi kama maandishi matupu, yasiyo na pambo wala kitu cha kujifichia. Disketi zangu zote tulizimwaga kwenye beseni, tukazipima moja moja, nzima tukaziweka kwenye kapu, na mbovu tukazifuta kabisa, isipokuwa moja.

Mwisho nilimuuliza kama sasa orodha imepona.

"Dawa inaua mududu," alisema. "Lakini maneno yenye ilishatembea, hairudishe. Hiyo ni kazi yenu."

Tulikaa sebuleni wanne, mkunga akisoma daftari kwa sauti, mimi nikifuata kwenye kioo, wifi na mume wangu wakikagua nakala zilizobanduliwa ukutani. Tulipata maneno kumi na moja yaliyohama. Mengi hayakuwa na madhara. Mawili yalikuwa nayo: lile la Nyakiriba, na jina la mama mmoja lililokaa kwa mvulana asiye wake. Huyo wa pili tulimuwahi, hakuna aliyekuwa amekuja kumwulizia. Tulipomaliza, mume wangu alikwenda jikoni akarudi na chai, akaniwekea kikombe changu mbele yangu. Nilimwomba msamaha. Alisema, "Bon, sawa. Hata mi ningeuliza," na tangu hapo hakulitaja tena.

Chanzo nilikigundua mwenyewe kwa kurudi nyuma. Ilikuwa disketi ya mfano wa kadi ya harusi niliyoazima kwa mwenzangu, mpiga chapa wa mjini. Nilipomweleza alitoa macho, hakuwa anajua, na aliyempa yeye pia labda hakujua. Kwangu mimi jambo lililouma ni kwamba nilikuwa nimeshatoa disketi zangu kwa watu wanne. Nilipita kwao mmoja mmoja. Watatu walinishukuru. Wa nne, mwalimu mwenye heshima zake, alisimama mlangoni akasema, "Unataka kusema ndani ya nyumba yangu kuna ugonjwa?" Wakati ule neno ugonjwa lilibeba mengine; mtu akilisikia aliwaza UKIMWI. Nilijaribu kumweleza kuhusu faili na maandishi, akafunga mlango kwa adabu. Sijui mashine yake iliendelea kuharibu nini.

Komini nako tulikwenda, mimi, mume wangu na mkunga. Afisa mmoja alitusikiliza, kisha akataka kuona kwa macho yake. Wifi alikuwa amenishauri nibakize disketi moja mbovu, akanifundisha namna ya kuisafisha mashine tena baadaye. Afisa alikuja nyumbani, akakaa mbele ya kioo nikimfungulia na kumfungia ile hesabu ya moja mpaka hamsini. Neno lilipohama aliniambia nirudie. Likahama jingine. Alivua miwani akaifuta.

"Nimeamini," alisema. "Lakini mashine hii isipige tena majina ya watu mpaka tuseme."

Kwa hiyo mwezi mzima na zaidi orodha iliandikwa kwa mkono wa mkunga, na watu walisimama mbele ya mlango wa kanisa wakikunja macho, wakiulizana hii ni herufi gani. Sijui ni wangapi walioondoka bila kusoma jina lililokuwa lao. Wakati ule nilijifungua, mtoto wa kiume, salama. Niliporuhusiwa kuendelea, sikuchapa ukurasa tena bila mkunga kunisomea daftari kwa sauti, neno kwa neno. Aliendelea kuja hivyo mpaka miguu ilipomshinda.

Mwanamke wa Cyanzarwe alimpata binti yake baada ya miezi mitano. Barua ilisomwa katika makanisa ya upande wa Kibuye mpaka ile familia ikaisikia. Mkunga alikuwepo siku walipokabidhiana. Aliniambia kovu lilikuwa mahali pake, goti la kushoto, na mama alilibusu. Lakini mtoto alikuwa amezoea kumwita mwingine mama, na alilia njia nzima akimlilia huyo. Niliwaona mara moja sokoni. Mama alikuwa mbele na ndoo ya maharage kichwani, binti nyuma hatua mbili, mikono amekunja kifuani. Mama alisimama akamngoja. Binti naye akasimama.

Nyakiriba nilikwenda hali ya njia ilipotulia. Nilimbeba mwanangu mgongoni. Msichana alikuwa amekua, anachambua maharage uani na mama wa nyumba ile, ambaye alinikaribisha na kunipa kigoda. Nilisema mimi ndiye niliyepiga chapa ile karatasi, na kwamba neno lilihama bila mimi kujua, na kwamba nimekuja kuomba radhi. Kwa Kinyarwanda changu kibovu sidhani kama habari za kompyuta zilieleweka. Mama wa nyumba alisema yamepita. Msichana aliendelea kutupa mawe madogo pembeni na maharage ndani ya ungo. Hakuna aliyekuwa amekuja kumwulizia tena, na jina la mama yake bado hakulikumbuka.

Nilipoinuka kuondoka ndipo aliponiuliza, bila kuinua kichwa.

"Yule mama, alimpata wake?"

"Alimpata."

"Alikuwa na kovu?"

"Alikuwa nalo."

Aliyazoa mawe kwa viganja, akaenda kuyamwaga nje ya ua.